Vijiti vya Papa Kitoga

3 Septemba

Nimerudi kambini leo mchana, na kabla sijavua viatu nimeshasema uongo.

Sheria yetu ni fupi. Anayetoka mjini anakaa siku saba peke yake kwenye kibanda cha ng'ambo ya kijito, ndipo aende kwa magorila. Mafua yetu kwao ni kifo. Sheria hiyo niliiandika mimi mwenyewe miaka mitatu iliyopita, kwa kalamu nyekundu, nikaibandika jikoni. Leo Papa Kitoga, mkuu wa wafuatiliaji wetu, alisimama upande wa pili wa maji akaniuliza, "Anyasi mwanangu, tunahesabu kuanzia lini?" Nikamjibu kwamba nimeshakaa siku mbili kijijini Kamisuku, nyumbani kwa mwalimu, peke yangu. Kamisuku nilipita tu. Hata maji sikunywa.

"Basi zimebaki tano," akasema. "Pole kwa msiba."

Nimetoka Shabunda kumzika mama. Kwa siku sita nyumba ilijaa watu hadi uani. Bora, mtoto wa dada yangu, ana miaka minne. Kila usiku alilala kifuani pangu, kamasi zikimtiririka, na mimi nikamshukuru Mungu kwa ule uzito wake. Halafu nije nikae siku saba nikisikiliza mvua kwenye turubai? Siwezi. Tano nitajikaza.

4 Septemba

Mvua. Mama Wabiwa, mpishi wetu, ameniwekea sombe, yaani kisamvu, na lituma ya ndizi za kupondwa juu ya kisiki cha kijitoni, akagonga sufuria kwa mwiko, akaondoka. Nimemwona mgongo tu.

6 Septemba

Mvua. Nimeongea na mjusi. Hakukaa.

8 Septemba

Nimetoka! Viota tisa.

Papa Kitoga hajui kusoma wala hana haja. Kila asubuhi, tunapovikuta viota walivyolalia magorila, huvunja kijiti kimoja kwa kila kiota. Kijiti kinene ni cha dume kubwa, vya wastani ni vya wengine. Mtoto anayelala na mama yake hana kiota chake, kwa hiyo kijiti chake chembamba hufungwa kwa uzi wa jani kwenye kijiti cha mama. Anajua nani kalala wapi kwa kutazama kinyesi tu, kikubwa cha nani, kidogo cha nani. Halafu hunikabidhi kifungu, nami natia daftarini. Miaka kumi na tisa hajakosea hata siku moja, na mimi niliyesoma Kisangani nimeshakosea mara nyingi.

Tuliwakuta saa nne, kwenye mianzi. Tukagonga ulimi kwenye kaakaa, tak, tak, ili wajue ni sisi. Dume akatutazama mara moja, akaendelea kula. Tulimpa jina la mji wa Kabambare, kwa sababu ni mbali na njia yake mbaya. Kitenge, jike wetu mwenye mikunjo mizuri puani, alikuwa chini ya mti na mwanawe Makelele, ambaye ana miaka mitatu na nusu na hajawahi kunyamaza. Siku hizi Makelele anajifunza kujenga. Anakunja matawi, anakaa juu yake, anajipigapiga kifua, halafu anarudi kwa mama.

"Kama nyumba za serikali," Mulamba akaninong'oneza. "Zinajengwa, hazikaliwi." Mulamba ni mfuatiliaji wetu wa pili, kijana mwenye mdomo.

Nilicheka ndani ya barakoa hadi machozi. Nilikuwa sijacheka tangu Agosti.

9 Septemba

Viota tisa. Koo linawasha.

"Madamu, unakohoa?" Mulamba aliniuliza wakati wa chakula.

"Pilipili ya Mama Wabiwa."

"Pilipili yangu!" Mama Wabiwa akapaza sauti kutoka jikoni. "Tangu lini ikakohoza mtu? Na leo hata sijaweka. Msinisingizie."

Wote tukacheka, na mimi nikacheka nao.

10 Septemba

Viota tisa. Mvua. Natafuna tangawizi. Ni vumbi la njiani tu.

12 Septemba

Viota tisa, na mvua ya mawe mchana.

Nataka kuandika jambo hili kama lilivyotokea. Mvua ilitukuta karibu nao, kila mtu akajibanza chini ya mti wake. Barakoa yangu ililowa ikaniziba pua kabisa, nikashindwa kupumua. Nikaishusha shingoni. Nilisema ni dakika moja. Papa Kitoga na Mulamba walikuwa nyuma ya gogo, hawakuniona. Nilipoinua macho, Makelele alikuwa mbele yangu, umbali wa hatua mbili, kichwa upande, mvua inamdondoka kwenye nyusi. Sheria ni mita kumi. Sheria ni kurudi nyuma polepole. Mama yake alikuwa amekaa nyuma yake akitutazama, naye hakuona ubaya.

Sikurudi nyuma. Tangu Bora aliponiachia shingo kule Shabunda, hakuna kiumbe aliyenisogelea kwa hiari yake. Makelele akanyoosha kidole akagusa buti langu, akakinusa, akarudi mbio kwa Kitenge akakitia mdomoni mwa mama kumwonyesha. Nilikaa pale nikilia kwa furaha, pua wazi.

13 Septemba

Viota tisa. Koo limepona.

Jioni Papa Kitoga alisimama mbele ya meza yangu, kofia mkononi. "Nina neno. Asubuhi, njiani, nilikutana na mkwe wangu, mzee Bilembo, anatafuta asali. Akaninyooshea mkono."

"Ukamshika?"

"Sasa nifanyeje? Mkwe unampungia kwa mbali kama pikipiki? Nikamshika. Tena alinipa tumbaku, tukavuta pamoja. Halafu nikaenda kwa Kabambare bila kufikiri. Nimekumbuka sasa hivi nikinawa." Akaweka kofia kichwani. "Nakwenda kibandani. Siku saba."

Nikamwambia ni vizuri amesema. Sauti yangu ilitoka sawasawa kabisa, na hilo ndilo linaloniudhi.

14 Septemba

Viota tisa. Mulamba ndiye aliyehesabu. Anaandika kwa kalamu, vijiti hataki.

17 Septemba

Viota tisa. Kitenge anakohoa.

18 Septemba

Viota tisa. Kitenge na majike wawili wanakohoa. Nimewasiliana na mjini kwa fonia, redio yetu ya upepo. Dokta Lwaboshi, mkubwa wetu, anasema daktari wa wanyama hawezi kuja, daraja limekwenda na maji. "Waangalie tu," akasema. Kuangalia ndiyo kazi niliyosomea.

19 Septemba

Mvua. Mvua. Mvua.

Nimehesabu kwa vidole, mara tatu. Tarehe tisa, koo lilipoanza kuwasha, ndiyo ingekuwa siku yangu ya saba. Ningekohoa kibandani, Mama Wabiwa angenisikia ng'ambo, angepiga kelele, ningebaki kule. Sheria yangu ilikuwa nzuri.

20 Septemba

Papa Kitoga katoka kibandani. Hajakohoa hata mara moja kwa siku saba. Ameniletea vijiti tisa, na chembamba kimefungwa kwa Kitenge kama kawaida. "Ni mimi," akasema akinipa. "Ni mkono wangu ule." Nikavipokea.

23 Septemba

Viota tisa. Majike wawili wana nafuu. Kitenge hakutoka kiotani hadi adhuhuri. Makelele anamvuta mkono aamke.

26 Septemba

Viota tisa. Kitenge hali kitu. Kabambare hatembei tena, amelisimamisha kundi lote kwa ajili yake. Wamemaliza majani yote ya pale, wanakula magome.

28 Septemba

Kitenge amekufa.

Tulifika saa tatu. Kabambare alikuwa amekaa kando yake, ameweka kiganja mgongoni kwake, na tulipogonga ulimi hakugeuka. Wengine walikuwa mbali kidogo, kimya. Makelele alikuwa juu ya kifua cha mama yake. Alimfungua jicho kwa kidole, akasubiri, akamfungua la pili. Kisha akajilaza pale pale akaanza kunyonya. Mulamba aliondoka akaenda kusimama nyuma ya mti. Papa Kitoga alivua kofia, mvua ikampiga kipara saa nzima, hakuirudisha.

Mimi nilikuwa nikiandika. Saa tatu na dakika kumi, saa tatu na dakika ishirini. Mkono uliandika wenyewe na barakoa ilikuwa mahali pake, imekaza, kama ya mtu msafi.

Saa nane Kabambare alinyanyuka, akanguruma kidogo, akaondoka, na kundi likamfuata. Makelele hakwenda. Alipokaa sana, dume likarudi, likasimama hatua chache, likamtazama. Ndipo akashuka kifuani akamfuata, lakini kila baada ya hatua kadhaa anageuka.

Papa Kitoga aliongea mara moja tu, tukiwa njiani kurudi. "Nilimwona Kitenge akizaliwa. Mama yake alikuwa mkali, alinifukuza hadi nikapoteza panga. Leo nimemuua kwa salamu."

Ningeweza kusema pale pale. Njia ilikuwa nyembamba, alikuwa mbele yangu, mgongo wake ulikuwa karibu kuliko kisiki cha chakula. Nikatembea nyuma yake hadi kambini.

29 Septemba

Viota vinane. Papa Kitoga kaniletea vijiti vinane, na kile chembamba kikiwa peke yake, hakijafungwa popote.

"Kalala wapi?"

"Chini. Kwenye tope. Kakunja matawi mawili, lakini hayazuii hata umande. Mtoto wa umri ule peke yake kwenye mvua hii, mwanangu, usimpe wiki mbili."

1 Oktoba

Viota vinane, na kijiti kimoja peke yake.

Fonia, saa mbili. Dokta Lwaboshi alitaka kujua ugonjwa umetoka wapi. Kabla sijajibu, Papa Kitoga aliomba kipaza sauti akasema ni yeye, akaeleza habari ya mkwe na tumbaku, hakuacha kitu. Dokta akasema sheria ni sheria. Wapagazi watakuja tarehe kumi na mbili, Kitoga aondoke nao. Papa akasema, "Ndiyo, Dokta. Ni haki." Akanirudishia kipaza sauti kwa mikono miwili.

2 Oktoba

Vinane na kimoja. Mvua.

3 Oktoba

Vinane na kimoja. Makelele hapigi kelele tena. Amekonda mabega.

4 Oktoba

Vinane na kimoja. Papa Kitoga kampa Mulamba jiwe lake la kunolea. Mulamba kalitia mfukoni akaenda kuchota maji.

5 Oktoba

Mama Wabiwa amepika makayabu, samaki wa chumvi anaowapenda Papa Kitoga. Hakuna aliyemaliza sahani. Kila mtu mezani alijitahidi kumfurahisha, nami nilijitahidi kuliko wote. Najichukia.

6 Oktoba

Vinane na kimoja.

Jioni Papa Kitoga alikuja ofisini akakaa, jambo ambalo hafanyi. "Nina ombi. Wewe una daftari kubwa, lile linalobaki. Niandikie humo."

"Niandike nini, Papa?"

"Andika: Kitoga, mtoto wa Mukulumanya, anamwomba radhi Kabambare. Alishika mkono wa mkwe wake, hakukusudia. Andika pia kwamba alihesabu miaka kumi na tisa." Akafikiri. "Basi. Hayo yanatosha. Wajukuu wakisoma shule watakuja kusoma."

Nikafungua daftari. Nikaandika tarehe. Kalamu ikakataa hapo. Akasubiri, mikono magotini, akidhani natafuta maneno mazuri. Nikamwambia wino umeisha, nitaandika kesho. Wino upo. Nauandikia hapa sasa hivi.

7 Oktoba

Nimesema.

Saa mbili asubuhi fonia imejaa: parokia, zahanati, wauza mafuta, watu wanaotafutana. Fonia haina siri, ukikohoa Kamisuku unapewa pole Kindu. Nilijua hivyo, na bado nilichagua saa mbili, kwa sababu ningesubiri wapungue ningesubiri hadi mwakani. Papa Kitoga alikuwa nje, chini ya upenu, akipasua bua la kutengenezea kapu la safari.

"Dokta, aliyeleta mafua ni mimi."

Mikwaruzo. "Rudia, Anyasi. Mvua inakula sauti yako."

"Nasema aliyeleta mafua ni mimi. Siyo Kitoga. Nilidanganya siku za kibanda."

"Sikupati. Nani kadanganya? Kitoga?"

"Mimi! Mimi, Anyasi!"

"Rudia."

Hapo ikaingia sauti nyingine, safi kabisa, kama mtu aliyekaa chumbani. Ilikuwa ya Papa Aloni, mwendesha fonia wa Shabunda. Ndiye aliyenitangazia kifo cha mama mwezi wa nane, kwa mashine hii hii. "Dokta, mimi nampata vizuri. Nikusaidie?"

"Nisaidie."

"Anasema aliyeleta mafua ni yeye mwenyewe, si Kitoga. Alidanganya siku za kibanda." Kisha akaniambia, "Endelea, mwanangu. Sema, nitapeleka."

Basi nikasema, sentensi moja moja, na Papa Aloni akazirudia nyuma yangu kwa sauti yake ya kutangazia misiba. Kwamba sikukaa Kamisuku. Kwamba mtoto wa dada yangu alikuwa na mafua na nililala naye. Kwamba nilikohoa tarehe tisa nikasingizia pilipili. Kwamba tarehe kumi na mbili nilishusha barakoa, mtoto akanigusa buti, sikurudi nyuma. "Anasema hakurudi nyuma," akasema Papa Aloni kwa mkoa wote wa Maniema.

"Kwa nini?" Dokta akauliza. Hilo nililisikia vizuri.

Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kisomi. Nikasema, "Nilikuwa mpweke."

Papa Aloni hakulirudia hilo. Akasema tu, "Dokta, hilo umelisikia mwenyewe, nadhani."

Dokta akatoa hukumu kwa maneno machache. Kitoga abaki. Mimi nifunge mizigo, wapagazi wa tarehe kumi na mbili ni wangu. Hadi hapo nisikanyage msituni, nirudi kibandani.

Nilipogeuka, Papa Kitoga alikuwa mlangoni, bua mkononi.

"Nilikuuliza, Madamu," akasema. Hajawahi kuniita Madamu. "Pale kijitoni nilikuuliza tunahesabu kuanzia lini."

"Ndiyo, Papa."

"Nikakuamini hapo hapo, kwa sababu ulikuwa na msiba." Akatazama bua lake kama aliyesahau lilikuwa la kazi gani. "Jana nilikaa kwenye kiti hiki nikakuambia niandikie."

"Ndiyo, Papa."

Akatoka. Sikusikia hata hatua zake.

8 Oktoba

Kibandani. Mvua. Viota: sijui.

9 Oktoba

Mvua. Viota: sijui. Wamepita ng'ambo alfajiri kwenda kazini. Mulamba aligeuza kichwa kidogo. Papa Kitoga hapana.

10 Oktoba

Viota: sijui. Tangu asubuhi nimekuwa nikimwaza Makelele. Leo ni siku ya kumi na mbili tangu mama yake afe. Usimpe wiki mbili, alisema. Nimehesabu.

11 Oktoba

Mama Wabiwa leo hakuondoka baada ya kugonga sufuria. Alisimama ng'ambo, kanga kichwani.

"Ulinisingizia pilipili yangu," akasema.

"Nisamehe, Mama."

"Nimeshakusamehe, pilipili si mtu. Yule mzee ndiye sijui. Anakula, anatoka, anarudi, hasemi."

"Na mtoto? Makelele?"

"Mimi nikae jikoni nijue ya msituni? Nikuambie yuko hai ufurahi, halafu iwe uongo? Uongo tumeshakula wa kutosha hapa." Akavuta kanga. "Kula, chakula kinapoa. Na usilie juu ya bugali, unatia maji."

Nilikula. Hakuna anayejua kunikemea kama yeye, na kesho nitamwacha. Nitarudi Shabunda, mji ambao wote wameshanisikia. Bora atakuja mbio kunirukia, hajui chochote, na sijui kama nitaweza kumbeba.

12 Oktoba

Mvua imekatika. Wapagazi wamefika mapema, wawili, wanakunywa chai jikoni. Nimefunga mizigo tangu giza halijaisha. Sikulala, nilitegemea nitasikia wafuatiliaji wakipita, lakini sikusikia mtu.

Saa mbili nikateremka kijitoni kunawa. Juu ya kisiki hapakuwa na sahani. Palikuwa na kifungu cha vijiti, vimevunjwa leo, utomvu wake bado haujakauka.

Nikavihesabu nikiwa nimesimama majini. Vinane. Kile chembamba sikukiona. Nikavihesabu tena, nikavigeuza upande wa pili. Hapo nikakiona. Kilikuwa kimefungwa kwa uzi wa jani, mizunguko mitatu, kimekazwa vizuri, kwenye kijiti kile kinene.

Ng'ambo hapakuwa na mtu. Niliita, "Papa!" mara mbili, kisha nikaacha kuita. Kifungu nimekitia kwenye mfuko wa shati, sikukifungua. Daftari kubwa halipo kwangu tena, kwa hiyo naandika hapa:

Mvua imekatika. Viota vinane. Makelele analala na Kabambare.